Usalama wa Kemikali za Kuondoa Kuvu kwenye Nyaraka, Vitabu na Vifaa vya Makumbusho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ambayo watunza masjala, wakutubi, wahudumu wa makumbusho na watu wenye maktaba ndogo nyumbani hutuuliza kila mwaka mvua za masika zinapokolea Dar es Salaam. Karibu yote huanza kwa kutafuta dawa. Tumeyajibu kwa kirefu pale ambapo kosa linaweza kumgharimu mtu afya yake au kuharibu waraka usio na nakala nyingine, na kwa kifupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi. Kile ambacho wengine hukiita ukungu na wengine koga, humu tunakiita kuvu.

Ni dawa gani iliyo salama kuliko zote ya kuua kuvu kwenye vitabu na nyaraka?

Hakuna kemikali ambayo mtu anaweza kuinunua, akaipaka au kuipulizia kwenye mkusanyo mzima, ikaua kuvu na isimdhuru mtu wala kitu chenyewe. Kinachoua chembe hai za kuvu aghalabu hudhuru pia chembe hai za mapafu, macho na ngozi ya binadamu, na kinachopenya ukuta wa kuvu hugusa pia wino, gundi, rangi, ngozi ya jalada na nyuzi za karatasi. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya uhifadhi, tukiulizwa dawa, huuliza kwanza unyevu umetoka wapi. Kutenga, kukausha na kusafisha kwa brashi laini na kifyonza vumbi chenye kichujio kizuri ndiyo matibabu ya kawaida. Kemikali hubaki kwa ajili ya hali chache, kwenye sehemu ndogo ya kitu, na katika mikono ya mtu aliyefundishwa kuitumia.

Kuvu ikishakufa, si tatizo limekwisha?

Halijaisha. Vijimbegu vya kuvu, ambavyo wanabiolojia huviita spora, huendelea kuwasha pua, macho na mapafu hata vikiwa vimekufa, kwa kuwa kinachousumbua mwili ni protini zilizo kwenye maganda yake, na protini hizo hubaki palepale. Baadhi ya kuvu, zikiwemo aina fulani za Aspergillus na Stachybotrys, huweza pia kuacha sumu ambazo haziondoki kwa sababu tu kuvu yenyewe imekufa. Jalada lililofukizwa na kurudishwa rafuni likiwa bado na vumbi la kijani humsumbua msomaji kama lilivyomsumbua jana, na safari hii lina mabaki ya dawa juu yake. Vumbi hilo lazima liondolewe kwa mkono, dawa iwe imetumika au haikutumika.

Lipo jambo la pili ambalo husahaulika. Hewa tunayovuta ina vijimbegu vya kuvu saa zote, ndani na nje ya nyumba, na kitu kilichofukizwa asubuhi huwa kimepokea vingine kabla ya jioni. Dawa nyingi zinazotumika kama gesi au mvuke haziachi kinga ya kudumu baada ya kupeperuka. Chumba kikiwa bado kina unyevu, kuvu itaota upya.

Chumba chetu cha nyaraka kina kiyoyozi. Mbona kuvu bado inaota?

Tungependa swali hili liulizwe mara nyingi zaidi, kwa maana jibu lake huokoa vitu vingi kuliko chupa yoyote ya dawa. Kuvu zinazoshambulia karatasi, ngozi na nguo huanza kuota pale unyevu wa hewa unapodumu juu ya asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 25 hadi 30 linazifaa sana. Mji ulio kando ya Bahari ya Hindi hufikia unyevu huo kwa miezi mingi bila hata tone moja la mvua kuingia ndani. Kiyoyozi hupunguza joto, na hupunguza pia unyevu kikiwa kinafanya kazi mfululizo. Tatizo ni kwamba katika ofisi nyingi huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, au umeme hukatika, na hewa ya nje ikaingia kupitia nyufa na madirisha ikakuta rafu, kuta na majalada yangali baridi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kugeuka maji inapogusa kitu chenye nyuzi 25 hivi au chini ya hapo. Chumba kilichopozwa hadi nyuzi 20 mchana kutwa, kisha kikafunguliwa, hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na unyevu huo hujificha katikati ya kurasa ambako jicho halifiki.

Kwa maoni yetu, ni afadhali chumba kiwe na nyuzi 26 au 27 zisizobadilika, feni zinazozungusha hewa na mashine ya kuondoa unyevu, kuliko kiwe na nyuzi 19 kwa saa nane na nyuzi 30 kwa saa zinazobaki. Kipima unyevu kidogo cha kuning'iniza ukutani kisomwe asubuhi kabla ya kiyoyozi kuwashwa, maana hapo ndipo chumba kinaposema ukweli wa usiku kucha. Rafu zisogezwe mbali na ukuta, hasa ukuta wa nje na ule uliopitiwa na bomba la maji au mrija wa kutoa maji ya kiyoyozi.

Tunatumia Jik kufutia sakafu na kuta. Je, tunaweza kuitumia kwenye majalada na vitabu?

Hapana. Kiini cha Jik na dawa nyingine za kung'arisha nguo ni sodiamu hipokloraiti, nayo inafaa kwa vigae na sinki kwa sababu vitu hivyo havinywi maji na havina nyuzi. Karatasi ni nyuzi tupu. Klorini huivunja selulosi, yaani kiini cha nyuzi hizo, kidogo kidogo, kwa hiyo karatasi iliyong'aa leo huja kukatika ikikunjwa baada ya muda. Hufifisha wino, mihuri na rangi za kitambaa, huozesha nyuzi za sufu na hariri, hutia kutu pini na vibanio, na chumvi inayoiacha nyuma huvuta unyevu wa hewani. Isitoshe, sehemu kubwa mno ya kilichomo ndani ya chupa hiyo ni maji, na maji ndiyo chakula cha kwanza cha kuvu.

Mmoja wetu aliwahi kuitwa kwenye masjala ya ofisi moja katikati ya mji baada ya wahudumu, kwa nia njema kabisa, kufuta majalada mia na kitu kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji yenye dawa ya namna hiyo. Madoa ya kijani yalikuwa yameondoka. Baada ya majuma machache majina yaliyoandikwa kwa kalamu kwenye migongo ya majalada yalikuwa hayasomeki, na kuvu ilikuwa imerudi chini ya vifuniko, mahali ambapo maji yalikaa muda mrefu bila kukauka. Yaliyohuzunisha zaidi ni kwamba dada aliyefanya kazi hiyo siku mbili, dirisha likiwa limefungwa ili vumbi la barabarani lisiingie, aliendelea kukohoa kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia kwamba dirisha lilipaswa kuwa wazi.

Kwenye ukuta na sakafu, chumba kikiwa kitupu na madirisha yakiwa wazi, dawa hiyo inaweza kutumika kwa kufuata maelekezo ya chupa. Isichanganywe kamwe na siki, wala na dawa za kusafishia choo zenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini. Wala isichanganywe na kitu chenye amonia, kwa sababu hutoa gesi za kloramini. Gesi zote hizo huunguza mapafu, na katika choo kidogo au stoo isiyo na dirisha zimewahi kuua watu.

Vipi kuhusu spiriti? Tumesikia kwamba wahifadhi wenyewe huitumia.

Ni kweli, huitumia, na kwa sababu hiyo inafaa ielezwe kwa makini. Ethanoli au alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji kufikia asilimia 70 hivi huua nyuzi hai za kuvu vizuri zaidi kuliko ile iliyo karibu na asilimia 100, kwa kuwa maji huisaidia kupenya na huchelewesha kupeperuka kwake. Hata hivyo haiui vijimbegu vyote, na haizuii kuvu mpya. Mhifadhi huitumia kwa pamba ndogo iliyozungushiwa kwenye kijiti, juu ya kitu kigumu kama vile ubao, chuma, kioo au jalada lisilo na rangi ya kuyeyuka, baada ya vumbi kavu kuondolewa kwanza.

Madhara yake kwa vitu si madogo. Spiriti huyeyusha wino wa kalamu za kawaida, wino wa mihuri, vanishi na baadhi ya gundi. Hutia weusi kwenye ngozi kuukuu na kuifanya ikakamae. Huondoa nta na rangi ya viatu ambayo wachongaji wengi hung'arishia vinyago, na kuacha mabaka meupe ambayo huwezi kuyarudisha ulivyoyakuta. Picha zilizochorwa kwa rangi za mafuta au rangi za makopo, kama zile za mtindo wa Tingatinga uliozaliwa hapahapa Dar es Salaam, zisiguswe kabla ya kujaribiwa pembeni, mahali pasipoonekana, kwa tone moja na kitambaa cheupe kitakachoonyesha kama rangi inatoka. Spiriti ya dukani yenye rangi isitumike kabisa kwenye vitu vya mkusanyo, kwani rangi hiyo hubaki.

Kwa mtu, hatari kubwa ni moto. Mvuke wa spiriti ya asilimia 70 huweza kushika moto katika joto la kawaida la chumba, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche ya swichi, friji, jiko la mkaa au kifyonza vumbi. Usiipulizie kama manukato. Fungua madirisha, tumia kiasi kinachojaa kifuniko cha chupa, funika chupa kila unapomaliza kuchovya, vaa glavu za nitraili, na vitambaa vilivyotumika vianikwe nje vikauke kabla ya kutupwa. Ukiinunua, iwe katika chombo chenye lebo. Kemikali iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, jambo ambalo tumeliona mara nyingi mno, ipo siku mtu ataidhania maji.

Kampuni ya kupuliza dawa imetuahidi kumaliza mende, mchwa na kuvu kwa siku moja. Tuikubali?

Tofautisheni wadudu na kuvu. Dawa zinazopulizwa maofisini kwa ajili ya mende na mchwa kwa kawaida huwa za jamii ya pairethroidi, ambazo hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Kuvu haina mishipa ya fahamu. Zikipulizwa kwenye rafu huongeza unyevu, huacha madoa ya mafuta kwenye kurasa na huwafikia wasomaji kupitia vidole vyao kila wanapofunua jalada. Kama mchwa wapo, dawa iende kwenye msingi wa nyumba na ardhini, na vitu viwe vimeondolewa au kufunikwa.

Linalotutia hofu zaidi ni vidonge vya alumini fosfaidi, vile ambavyo wafanyabiashara wa nafaka hufukizia mahindi na maharage ghalani. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Wapo wanaoviweka kwenye makabati ya vitabu wakiamini kwamba kinachohifadhi mahindi kitahifadhi na karatasi. Fosfini ni kwa ajili ya wadudu na panya. Haitegemewi kuua kuvu kwenye mkusanyo. Hutia kutu shaba, huweza kudhuru madini ya fedha yaliyomo kwenye picha za zamani, na huharibu nyaya za kompyuta. Kwa binadamu haina dawa ya kuipinga mwilini, hupita kwenye nyufa na dari hadi chumba cha jirani, na familia nzima zimewahi kufa usingizini kwa sababu ya vidonge vilivyowekwa upande wa pili wa ukuta. Katika jengo lenye watu, iwe ofisi au nyumba ya ghorofa, visiingizwe hata kimoja.

Kampuni ikija, iombeni karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali, namba ya usajili wa kiuatilifu, na jina la msimamizi aliyefunzwa. Ikisema kwamba jina la dawa ni siri ya biashara, iagwe kwa heshima.

Wazee wa fani wanatuambia zamani walifukiza kwa thaimoli, fomalini na gesi nyingine, na vitabu vipo hadi leo. Kwa nini tuache?

Wazee hao wanasema kweli kuhusu walichofanya, na wengi wao walifanya kwa maelekezo bora ya wakati wao. Maelekezo yamebadilika kwa sababu madhara yalikuja kuonekana baadaye, kwa vitu na kwa watu.

Thaimoli ni fuwele zenye harufu ya mmea ambazo zilipashwa moto kwa balbu ndani ya kabati hadi zikawa mvuke. Baada ya mafuriko ya Florence, Italia, ya Novemba 1966, karatasi zilizotiwa thaimoli ziliwekwa katikati ya kurasa za vitabu vingi vilivyolowa. Tatizo ni kwamba mvuke huo hurudi kuwa fuwele juu ya kitu, hulainisha vanishi na rangi za mafuta, hudhuru ngozi za maandishi, na karatasi iliyoachiwa thaimoli hugeuka manjano ikipata mwanga. Kwa mtu huwasha macho, koo na ngozi. Ukifungua kabati kuukuu na kukuta harufu kali kama ya dawa ya meno, funga, fungua madirisha ya chumba, kisha urudi ukiwa umevaa glavu na barakoa ya mvuke wa kemikali.

Fomalini ni formaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji. Hushikamana na protini, na ndiyo maana huhifadhi vielelezo vya maabara. Kwa maana hiyohiyo hukausha na kukamaza ngozi, hariri, sufu na tabaka la jelatini kwenye picha. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu.

Ethilini oksaidi imo katika kundi hilohilo tangu 1994. Kati ya gesi zote hizi, ndiyo iliyoua kuvu na vijimbegu vyake kwa uhakika zaidi, na bado hutumika kutakasa vifaa vya hospitali ndani ya mitambo maalumu. Lakini hulipuka ikichanganyika na hewa, hunywewa na ngozi, plastiki na gundi na kuendelea kutoka kwa majuma mengi, na pua ya binadamu huanza kuinusa ikiwa imefika mamia ya sehemu kwa kila sehemu milioni za hewa, ilhali kikomo kinachoruhusiwa kazini Marekani ni sehemu moja kwa milioni. Mtu hawezi kujilinda kwa kunusa. Methili bromaidi nayo ilitumika zaidi kwa wadudu. Nchi zinazoendelea zilipaswa kuacha matumizi yake ya kawaida ifikapo 2015 chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na kwenye sufu, manyoya na ngozi huacha harufu mbaya isiyoondoka.

Je, naftalini, karafuu, majani ya mwarobaini au siki havitoshi? Hivi ni vitu vya nyumbani.

Kitu kuwa cha nyumbani hakukifanyi kiwe salama. Vidonge vyeupe vya naftalini haviui kuvu, na mvuke wake huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi ambayo ni ya kawaida katika ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki na ambayo wengi walio nayo hawaijui. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi, kwa hiyo nguo na blanketi zilizokaa na naftalini zisiwafunike kabla ya kuanikwa sana.

Karafuu nzima kwenye sanduku la nguo hatuna ugomvi nayo, mradi isiguse kitambaa. Mafuta ya karafuu ni jambo jingine: yakipakwa kwenye karatasi au ubao huacha doa linalozidi kuwa jeusi kadiri miaka inavyokwenda, na yakiwa mazito huunguza ngozi ya mkono. Majani ya mwarobaini yana sifa yake kwa wadudu, ila yakiwekwa mabichi katikati ya kurasa huleta maji na madoa. Siki ni asidi, na asidi ni adui wa karatasi.

Mashine za ozoni na taa za miale ya urujuanimno je?

Ozoni hushambulia kila kitu cha asili ya mmea na mnyama kilichomo chumbani, pamoja na raba na rangi, na hudhuru mapafu hata ikiwa kidogo sana hewani. Taa hizo hufifisha rangi, hudhoofisha karatasi, hazifiki kwenye kurasa za ndani na huunguza macho. Hatushauri hata kimoja kwenye mkusanyo.

Tunaweza kuvianika vitabu juani?

Nje ni pazuri, jua kali si pazuri. Anikeni kivulini, penye upepo, vitabu vikiwa vimesimama na kurasa zimeachanishwa kidogo. Jua la saa saba mchana hupinda majalada na kufifisha wino katika siku chache.

Barakoa gani inatosha?

Inategemea unajikinga na nini, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Vijimbegu vya kuvu ni chembe kavu. Vya aina nyingi vina upana wa mikroni 2 hadi 10, na barakoa ya N95 au FFP2, yaani ile ya kuchuja vumbi laini, iliyobana vizuri usoni huvizuia. Barakoa ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali huacha nafasi mashavuni. Lakini barakoa ya N95 haizuii hata kidogo mvuke wa spiriti, klorini au thaimoli. Mvuke huhitaji barakoa ya raba yenye vichujio maalumu vya kemikali husika, na vichujio hivyo hubadilishwa baada ya muda. Ukisikia harufu ya dawa ukiwa umevaa barakoa, toka nje. Kwa kazi ya kuvu ongeza glavu za nitraili, miwani iliyoziba pembeni na koti la kazi lisilokwenda nyumbani bila kufuliwa.

Watu wenye pumu, mzio, kifua kikuu cha zamani kilichoacha makovu kwenye mapafu, au kinga ya mwili iliyopungua kwa maradhi au dawa, pamoja na wajawazito, wapewe kazi nyingine. Msimamizi aulize jambo hili kwa faragha na kwa adabu, asisubiri mtu ajitangaze mbele ya wenzake.

Basi tuanzeje tukikuta rafu nzima ina kuvu?

Kwanza zimeni feni iliyoelekea rafuni, kwa sababu inatawanya vijimbegu jengo zima. Watu wasio na kazi hapo watoke. Tafuteni maji yanatoka wapi na myazuie. Karatasi iliyolowa huanza kuota kuvu ndani ya saa 48 hadi 72, hivyo siku ya kwanza ina thamani kuliko juma zima linalofuata. Vitu vilivyoathirika vifungwe kwa karatasi safi au viwekwe ndani ya maboksi, vihamishiwe kwenye chumba kikavu. Mfuko wa plastiki ufae kwa safari tu, kwa kuwa ukikaa umefungwa hugeuka kitalu.

Kisha angalieni kuvu yenyewe. Ikiwa laini, yenye utelezi, ikipakaa mkigusa kwa ncha ya brashi, bado ni hai na isisafishwe. Mkiisugua mtaishindilia ndani ya nyuzi. Kausheni kwanza kwa hewa inayozunguka chumbani na mashine ya kuondoa unyevu, bila kupasha moto. Ikishakuwa kavu na ya unga, ipanguseni kwa brashi laini kuelekea mdomo wa kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata chembe ndogo sana, nguvu yake ikiwa imepunguzwa. Kifyonza vumbi cha kawaida cha nyumbani hunyonya vijimbegu mbele na kuvitema nyuma. Ofisi isiyo na mashine hiyo ifanye kazi nje kivulini, mfanyakazi akiwa upande upepo unakotoka, na msimu mzuri wa kazi hiyo ni kipupwe, kuanzia Juni, wakati mvua zimekoma na hewa ni kavu kidogo. Rafu zifutwe zikauke kabisa, na vitu visirudi hadi kipima unyevu kimekaa chini ya asilimia 60 kwa siku kadhaa mfululizo.

Madoa yatabaki. Tunalisema mapema kwa sababu ni hamu ya kuondoa madoa, baada ya kuvu kwisha, ndiyo inayowarudisha watu kwenye chupa. Doa kwenye msahafu wa babu au kwenye cheti cha shamba halidhuru mtu; dawa ya kulitoa huweza kutoa na maandishi.

Picha na kanda za sauti zinatibiwa vilevile?

Hapana. Tabaka la juu la picha nyingi za zamani ni jelatini, na kuvu huila hadi ikawa tayari kuyeyuka kwa maji. Ukiifuta kwa kitambaa chenye unyevu, uso wa marehemu bibi hutoka na kitambaa. Zikaushwe, zitengwe, zisiguswe upande wa picha, na zipigwe nakala ya kidijitali kabla ya jambo lingine. Kanda za sauti zenye kuvu zisichezwe: vijimbegu huingia kwenye mashine na kuambukiza kanda zote zinazofuata.

Nani anasimamia kemikali hizi, na nani wa kumwomba ushauri?

Kemikali za viwandani na majumbani zipo chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2003. Viuatilifu na ufukizaji vipo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Afya ya mfanyakazi kazini inaangaliwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mfanyakazi aliyeagizwa kufukiza bila vifaa vya kinga anayo haki ya kusema. Kuhusu vitu vyenyewe, ulizeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo mkusanyo wake wa nyaraka za Kijerumani uliingizwa mwaka 1997 katika rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, au Makumbusho ya Taifa, ambayo milango yake hapa mjini ilifunguliwa mwaka 1940. Ulizeni kabla ya kununua dawa.

Tumerithi vinyago, ngozi na ndege waliokaushwa kutoka mkusanyo wa zamani. Je, kuna sumu iliyobaki juu yake?

Chukulieni kwamba ipo mpaka ithibitike vinginevyo. Mikusanyo mingi ya wanyama, ngozi, manyoya na vifaa vya kitamaduni duniani ilitiwa aseniki, chumvi za zebaki na baadaye kiuadudu cha DDT, na mbao zilipakwa pentaklorofenoli, ambayo tangu 2015 imo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu muda mrefu. Aseniki na zebaki haziozi. Miaka 100 si kitu kwazo. Unga mweupe au fuwele kwenye mishono, macho na chini ya mabawa huenda visiwe kuvu kabisa, na mtu atakayeupuliza kwa mdomo ili auangalie vizuri atakuwa ameumeza. Vaeni glavu, msile wala kunywa chumbani, msitumie brashi iliyogusa vitu hivyo kwenye vitabu, na msiruhusu watoto wa shule wavishike wakati wa maonyesho.

Kwa upande wenu, kila mnapotumia kemikali, hata spiriti kidogo kwenye kona ya ubao, andikeni kwa penseli kwenye kadi inayokaa na kitu hicho: jina la kemikali, kiasi chake, tarehe, sehemu iliyoguswa na jina la aliyefanya kazi. Aliyepaka aseniki miaka hiyo hakuacha kadi, na ndiyo sababu leo tunavaa glavu kumshika ndege aliyekufa kabla hatujazaliwa.